Sababu ya Kovu

"Ulipasuliwa kwa sababu gani?"

Mkunga aliuliza bila kuinua macho, kalamu ikiwa tayari juu ya kadi, kama mtu anayeuliza unaishi mtaa gani. Mshonaji alikuwa amekaa mbele yake, tumbo la miezi minane likigusa ukingo wa meza. Nyuma yake, kwenye benchi lililosogezwa karibu mno na meza ile, wanawake zaidi ya kumi walikuwa wakingoja zamu zao, na wote ghafla walikuwa wamenyamaza.

"Nilishindwa kusukuma," alisema hatimaye, sauti chini.

Kwenye benchi mtu akakohoa kikohozi kisicho na mafua yoyote ndani yake.

Mkunga akaweka kalamu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti nzito na viatu vya raba vilivyokanyagwa visigino. "Nani alikuambia hivyo? Daktari?"

"Mama mkwe."

"Mama mkwe wako ni daktari?"

Benchi likacheka. Mshonaji aliona joto likimpanda shingoni. Kwa miaka minne alikuwa amelisema jibu lile sokoni, msibani, kwa wateja waliokuja kupimwa nguo, na hakuna aliyewahi kuliuliza maswali.

"Sikukusudia kukuaibisha, mama," mkunga alisema, akiinama mezani ili benchi lisisikie yote. "Lakini siwezi kuandika hapa kwamba ulishindwa. Hiyo ni lawama, si sababu. Kovu la nje naliona. La ndani, la mfuko wa uzazi, silioni. Huenda walikata ulalo, huku chini. Huenda walikata wima kwenda juu. Nje inaweza kuwa hivi na ndani ikawa vile. Kama ni wima, usijaribu uchungu kabisa, tunakupangia upasuaji. Kama ni ulalo, na kilichokupeleka kwenye kisu mara ya kwanza hakipo tena, unaweza kujaribu kujifungua kawaida, lakini hapa hapa, chumba cha upasuaji kikiwa mlango wa pili. Au ukasema unataka kupasuliwa tena, nayo ni sawa. Kuchagua ni kwako. Ila huwezi kuchagua usichokijua. Nenda ulikojifungulia, ulete faili."

Mshonaji alipoinuka, mwanamke wa kwanza kwenye benchi alimpisha kwa upole uliozidi kiasi, upole ule wa mtu aliyekwisha kupata cha kusimulia.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na sebule, na sebule yenyewe ilikuwa nusu kiwanda: cherehani dirishani, sare za shule zisizo na vifungo zimelundikwa kwenye kochi, vipande vya uzi vimenata kwenye kila soksi ya kila mtu. Binti yao wa miaka minne waliyemwita Bosi, kwa jinsi alivyowatuma watu tangu ajue kunyoosha kidole, alikuwa chini ya meza akipanga vifungo kwa rangi. Mama mkwe, ambaye kwa ajili ya Bosi wote walimwita Bibi, alikuwa amefika mwezi uliopita kusaidia. Alisaidia kweli. Alifua, alipika, na alitoa maoni.

"Faili la nini?" alidakia kabla mkwewe hajamaliza kueleza.

"Wanataka kujua nilipasuliwaje."

"Ulipasuliwa kwa kisu. Wao wanadhani kwa nini, kijiko?"

"Bibi, wanataka sababu."

"Sababu unaijua. Mimi nimezaa sita, wa mwisho nilimzaa ndiyo kwanza nimetua ndoo. Hakuna aliyeniomba faili. Siku hizi msichana akiumwa kidogo tu anataka kulazwa, achanwe, atoke na maua. Safari hii utakaza moyo, utasukuma, na yataisha."

Mume wa mshonaji, aliyekuwa fundi wa majokofu, alikuwa anakula kwa kuinamia sahani. Kwa kawaida mama yake akisema neno, yeye alitafuta la kulipinga. Mama na mwana wale hawakuwahi kuelewana hata juu ya kiasi cha chumvi. Mkewe alimgeukia, akingoja ampinge.

"Faili tusihangaike nalo," fundi alisema. "Nimeongea na daktari wa ile hospitali ya binafsi, ya ghorofa. Anasema unapangiwa tarehe, unaingia asubuhi, mchana umemaliza. Hakuna kusukuma, hakuna nini."

"Kiasi gani?"

"Hela nitatafuta."

Mshonaji aliacha kijiko. Huyu alikuwa mtu wa kuzunguka maduka matatu kwa bei ya skrubu. Aliwahi kurudisha kiberiti dukani akidai njiti hazijatimia. Leo anataka kulipia upasuaji hata hajataja bei.

"Nitaenda kulifuata Jumatatu," alisema.

"Ya nini kufukua?" Bibi aliuliza.

"Kweli, mke wangu," fundi akasema. "Ya nini?"

Hapo ndipo roho ya mshonaji iliposhtuka. Mmoja anataka azae kwa nguvu zake, mwingine anataka apasuliwe kwa gharama yoyote, hawakubaliani kwa lolote chini ya jua, lakini kwa hili moja wamekuwa kitu kimoja: faili lisiguswe. Aliwaangalia kwa zamu. Bibi aliinuka kuondoa vyombo, vingine bado vina chakula.

Tangu jioni hiyo mshonaji alianza kuwaza mambo ambayo mtu mwenye amani hayawazi. Akiwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga, alikumbuka siku ile vipande vipande: taa, sindano, mtu anasema "tulia mama", halafu giza. Bosi aliletwa kwake baada ya siku tatu, akiwa na alama ya plasta shavuni. Siku tatu alikuwa wapi? Waliambiana nini pale nje? Labda walimtoa kitu tumboni wasimwambie. Labda watoto walikuwa wawili. Wazo hilo la mwisho lilipomjia alishona kola upande usio wake, akalazimika kuifumua yote.

Fundi hakungoja Jumatatu. Ijumaa alimpeleka mkewe hadi hospitali ya ghorofa, ambako sakafu ilikuwa na mng'ao wa kumfanya mtu aone aibu kwa viatu vyake. Daktari alikuwa na miwani iliyoning'inia kifuani na simu iliyolala mezani uso juu. Alipitisha kipimo tumboni dakika mbili.

"Mtoto yuko vizuri. Kichwa chini. Tarehe kumi na nne, saa mbili asubuhi, usile chochote."

"Daktari," mshonaji alisema, "kwenye kliniki ya serikali wameniambia naweza kujaribu kawaida, kama kovu—"

"Wamekuambia." Simu ilimulika, akaitazama. "Aliyepasuliwa, hupasuliwa. Unataka kovu lifumuke kama mshono mbovu? Wewe si mshonaji?"

Alicheka kwa utani wake mwenyewe, na fundi akacheka naye. Hilo lilimuuma mkewe kuliko utani.

"Kwa hiyo kovu langu ni la aina gani?"

"Mama, kovu ni kovu."

"Hutaki kuliona faili langu la zamani?"

Daktari akavaa miwani, kama aliyetaka hatimaye kuona nani anasema naye. "Nikija kwako kushonewa suruali, nakuuliza faili la cherehani? Malipo ni kabla. Hapo nje kuna dirisha."

Fundi alikuwa ameshainuka kuelekea dirishani. "Tutarudi," mshonaji alisema, akatoka kwa mwendo wote ambao tumbo lilimruhusu. Hakujua kama daktari yule alikuwa mwizi au mtu mwenye haraka tu. Huenda hata alikuwa sahihi. Kwa hali aliyokuwa nayo, hakuweza tena kupambanua.

Masjala ya hospitali alikomzaa Bosi ilikuwa chini ya ngazi, chumba kirefu chenye harufu ya karatasi zilizolowa na kukauka mara nyingi. Karani alikuwa mzee mwembamba mwenye mikono ya shati iliyozuiwa kwa mipira ya kufungia noti.

"Faili la mgonjwa halitoki," alisema.

"Lakini ni langu."

"Faili ni la hospitali. Chako ni ugonjwa."

"Sitaki kuondoka nalo. Nataka kulisoma."

"Lete barua."

Alirudi kwa mkunga, barabara mbili na kilima kimoja, akaandikiwa barua. Aliporudi masjala ilikuwa imefungwa kwa chakula cha mchana, chakula kilichodumu hadi saa tisa. Kesho yake karani aliisoma barua mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, halafu akaingia kati ya rafu. Alikaa huko muda mrefu. Mshonaji alishika kiuno, akijiambia: watasema limepotea. Kama lina neno baya, watasema limepotea.

Karani alitoka na faili jembamba la rangi ya kahawia, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mwandiko wa daktari huyu," alisema, akilisogeza kwenye mwanga, "tulikuwa watu watatu tu tunaoujua. Mmoja amekufa. Kaa chini. Mimi si daktari, nakusomea tu."

Akasoma kwa kidole, mstari hadi mstari, sauti tambarare ya mtu asomaye orodha ya bidhaa.

"Saa tatu na dakika hamsini asubuhi. Mimba ya kwanza. Mtoto ametanguliza matako. Mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Daktari ameamua upasuaji wa haraka." Akalamba kidole, akafunua. "Saa nne na dakika kumi. Ndugu wameelezwa. Wamekataa kutia sahihi."

"Nani?"

"Imeandikwa ndugu. Saa tano na nusu, wameelezwa tena. Wanasema mume yuko safarini, wanangoja kauli yake. Saa sita na robo, mume amezungumza na ndugu kwa simu. Bado wamekataa." Alikohoa. "Saa nane na dakika tano, wamekubali. Hapa chini kuna dole gumba. Saa nane na dakika arobaini, mtoto wa kike ametolewa. Hajalia. Amesaidiwa kupumua, amepelekwa chumba cha watoto wachanga. Mkato wa mfuko wa uzazi: chini, ulalo."

Mshonaji aliliangalia dole gumba. Lilikuwa la zambarau, limekandamizwa kwa nguvu hadi mistari imejaa wino. Mtoto alikuwa mmoja. Hakuna kilichoondolewa tumboni. Kwa muda alitamani kucheka kwa ujinga wa mawazo yake, kisha akaanza kuzihesabu zile saa kwa vidole.

"Na mimi?" aliuliza. "Mahali popote, kutoka saa nne mpaka saa nane, wameandika kwamba waliniuliza mimi?"

Karani alirudi nyuma ukurasa mmoja, akasogea mbele miwili. Alitafuta kwa uaminifu.

"Hapajaandikwa," alisema.

Fundi alikuwa amelala chali nyuma ya jokofu, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Karakana yake ilijaa milango ya majokofu iliyoegemezwa ukutani. Mkewe alisimama karibu na miguu ile.

"Saa sita na robo ulimwambia nini mama yako?"

Bisibisi ilidondoka. Miguu ilitulia kabisa. Hakuuliza saa sita na robo ya siku gani.

Alijivuta akatoka, akakaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu. "Umeliona."

"Nimesomewa."

"Mama alinipigia. Alisema wanataka kukukata na hata maelezo hawatoi vizuri. Nilikuwa nimetoka kusikia ya mke wa mwenzangu kazini, alipasuliwa bure, daktari akachukua chake. Nikajua na sisi tunaibiwa. Nikamwambia asisaini mpaka nifike. Nikapanda basi. Simu ikazima njiani." Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Nilikuwa mbali sana. Wewe unajua nilikuwa mbali kiasi gani."

"Na saa nane nani alibadilisha?"

"Mama. Peke yake. Alisema alimwona muuguzi analia, akaogopa. Nilipofika jioni mtoto alikuwa kwenye mashine. Niligombana na Mama, unajua? Nilimgombeza kwa kusaini. Halafu daktari akaniita akaniambia mtoto angechelewa nusu saa nyingine..." Alikikunja kile kitambaa. "Ndipo Mama akasema mambo haya yaishe. Akasema tutaambia watu ulishindwa kusukuma, ni jambo la kawaida, linawapata wengi."

"Tutaambia watu. Na mimi nilikuwa mmoja wa hao watu?"

Fundi aliokota bisibisi, akaanza kuifuta.

"Miaka minne," mkewe alisema. "Nimekaa msibani nikichekwa, mama yako kando yangu, na wewe unakula."

"Ndiyo maana nataka ukapasuliwe mapema. Kwa yule daktari. Kila kitu kipangwe, asiulizwe mtu, nisiulizwe mimi."

Alisema kwa dhati, na mkewe aliona ni kweli. Lakini katika dhati ile pia yeye hakuwamo. Fundi alikuwa akinunua usingizi wake mwenyewe.

Mkunga alisoma nakala ya faili ambayo karani alimwandikia mshonaji, akatikisa kichwa taratibu. "Matako. Basi, mama, hata ungesukuma kama trekta. Sasa sikia. Huyu wa sasa kichwa kiko chini, mkato ulikuwa ulalo, imepita miaka minne. Unaweza kujaribu. Wengi kama wewe hufaulu, si wote. Hatari kubwa ni kovu kuachia wakati wa uchungu. Ni wachache, lakini likitokea ni mbio. Upasuaji wa kupangwa nao una yake: kutoka damu, kidonda kuoza, na kila tumbo linapofunguliwa la mbele huwa gumu zaidi. Sikuambii lipi. Ukijaribu nami nikaona dalili mbaya, nitakuambia tuingie, na hapo sitakuwa na muda wa kubembeleza."

Mshonaji aliwaza siku mbili, juu ya cherehani. Aliogopa kuchagua kawaida ikawa ni kwa ajili ya kumfunga Bibi mdomo. Aliogopa kuchagua kisu ikawa ni kwa ajili ya usingizi wa mumewe. Alipoyaondoa yote mawili, palibaki mambo madogo: kwamba mara ya kwanza hakuweza kukanyaga cherehani miezi mitatu na wateja wakahama, kwamba Bosi bado alitaka kubebwa, na kwamba angependa, mara moja, kuwa macho mtoto wake anapokuja.

Alichagua kujaribu. Kwenye kadi mkunga aliandika kwa herufi kubwa kwamba maamuzi yote aulizwe mwenyewe, na mshonaji akatia sahihi chini yake.

"Sasa ndiyo unaongea kama mwanamke," Bibi alisema aliposikia.

Mshonaji aliendelea kushona. Hakuwa amemwambia kwamba amelisoma faili, na fundi, kwa woga wake, naye hakuwa amemwambia. Nyumba ikajaa adabu ya kutisha. Kila mtu alisema "tafadhali".

Uchungu ulimshika alfajiri. Kufikia saa moja walikuwa hospitalini, na mkunga aliwazuia fundi na Bibi kwenye korido. Asubuhi ilikwenda vizuri. Njia ilifunguka, mkunga alisema maneno machache ya kumtia moyo, na kati ya uchungu mmoja na mwingine mshonaji aliweza hata kutania kuhusu pazia la wodi, lililopindwa na mtu asiyejua kupinda. Kufikia saa sita alibakiza kidogo tu.

Saa saba hali ikabadilika. Uchungu ulipokuja uliuma. Ulipoondoka, chini ya tumbo pale penye kovu paliendelea kuuma, maumivu makali membamba. Mkunga alibonyeza, akamwangalia usoni. Hakutania tena. Alikwenda mlangoni akarudi na daktari kijana aliyekuwa akivaa glavu huku anatembea.

Daktari aliangalia mashine ya mapigo ya moyo wa mtoto. Kisha akaangalia saa yake ya mkononi.

"Mama, tunaingia kwenye upasuaji. Sasa hivi."

Mshonaji aliona lile jicho kwenye saa, na kitu kikamkaza kifuani kuliko uchungu. Amebakiza kidogo. Tangu alfajiri anavumilia, amebakiza kidogo, na huyu anaangalia saa.

"Zamu yako inaisha saa ngapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Nakuuliza. Saa ngapi?"

Daktari alimtazama mkunga. "Saa nane," alisema.

"Sasa ni saa saba na nusu."

Daktari kijana aliona haya hadi masikioni; au labda ilikuwa hasira. "Mama, unadhani nataka kukupasua ili niwahi nyumbani?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Mkunga alisogea kando ya kitanda. Alinyoosha mkono akaongeza sauti ya mashine. Mapigo ya mtoto yakajaa chumbani: ti-ti-ti-ti, ya haraka, kama cherehani iliyokanyagwa na mtu mwenye haraka. Uchungu mwingine ukaja. Mapigo yakapungua. Yakapungua tena. Ti. Ti. Uchungu uliondoka, nayo hayakurudi mara moja. Wote walisikiliza. Yalirudi taratibu, kwa shida.

"Hii ni mara ya tatu," daktari alisema, sauti yake sasa imeshuka. "Na kovu linauma hata uchungu ukitulia. Huenda linaanza kuachia. Sina uhakika. Lakini nikingoja mpaka nipate uhakika, nitakuwa nimechelewa."

Kwa pumzi moja, mbili, mshonaji alilala akiwa na shaka yake. Aliijua vizuri. Ilikuwa shaka ile ile aliyopanda nayo mumewe kwenye basi. Ile ile iliyomsimamisha mama mkwe koridoni tangu saa nne. Haikuwa na ubaya wowote ndani yake, ilitaka tu kutoibiwa. Na hata sasa hakuweza kuapa kwamba daktari huyu alikuwa mtu mzuri. Lakini sauti ya mashine haikuwa na zamu.

"Nimekubali," alisema. "Twendeni. Na andikeni mimi ndiye niliyesema."

Mkunga alikuwa ameshasukuma kitanda.

Walipompitisha koridoni, Bibi aliinuka kwenye benchi. "Wanampeleka wapi? Jamani, mbona—" Alimshika fundi mkono. "Wamekuuliza?"

"Hawajaniuliza," fundi alisema, akakaa.

Walimchoma ganzi mgongoni, akabaki macho. Saa nane kasoro dakika tano alisikia mtoto analia, kilio cha kukorofisha, cha mtu aliyeamshwa vibaya. Alikuwa wa kiume. Daktari kijana aliinama juu ya pazia la kijani. "Kovu lilikuwa limebaki jembamba kama karatasi," alisema. "Halikupasuka." Alibaki kumshona mpaka saa nane na nusu, na hakuna aliyemtajia saa.

Wodini walikuwa wawili kwa chumba. Kitanda cha pili kilikuwa cha mwanamke mzee kidogo, mwenye mtoto wake wa tano, aliyechoka kulala, akitafuta mazungumzo. Mshonaji alifumba macho. Ganzi ilikuwa ikimwachia kidogo kidogo na hakutaka kuongea na mtu. Alisikia kiti kikiburutwa: Bibi, na mtoto mikononi, kwa ile milio midogo. Alisikia viatu vya mumewe vikisimama karibu na dirisha.

"Kwa hiyo mkweo kapasuliwa tena," mwanamke wa kitanda cha pili alisema. "Maskini. Na ile ya kwanza ilikuwa nini, alishindwa kusukuma?"

Bibi alimpakata mtoto vizuri. Mshonaji alingoja, kope zimefungwa, akijua kila neno litakalofuata kwa maana amelisikia miaka minne.

"Hapana," Bibi alisema. "Ile ya kwanza mtoto alikaa vibaya. Walitaka kumpasua asubuhi, mimi nikakataa kusaini. Niliwaweka mpaka saa nane. Mimi ndiye niliyechelewesha."

Mwanamke wa pili alivuta pumzi. Mshonaji hakufungua macho. Papo hapo ile shaka yake ikajiinua na kuketi kitako. Anajua niko macho? Fundi amemwambia kuhusu faili? Anatubu, au anawahi kabla sijaanza kusema mimi? Na hata katika kutubu kwake kulikuwa na shimo. Bibi alikuwa amebeba saa zote nne mgongoni mwake, hakumwachia mwanawe hata dakika moja. Alikuwa bado anamfunika.

Dirishani hapakuwa na sauti. Mshonaji alisikiliza upande ule. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, na kidonda kikimvuta katika kila pumzi. Atanyamaza, alijiambia. Alinyamaza msibani, alinyamaza mezani, atanyamaza na hapa. Mama yake amemfungulia mlango wa kutokea, naye atapita. Alifika pumzi ya tisa. Alifika ya kumi na mbili. Nje gari la kuleta chakula cha wagonjwa lilipita, sahani zikigongana.

"Si Mama," fundi alisema. Akageuka, akaendelea kwa sauti kubwa kuliko chumba kilivyohitaji. "Mama alikuwa akiningoja mimi niseme, asaini au asisaini. Mimi ndiye niliyemkataza, kwa simu. Alisaini bila ruhusa yangu, na mimi nikamgombeza."

"Nyamaza, mwanangu," Bibi alisema haraka. "Watu wanasikia."

"Waache wasikie."

Mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa amejiinua kwa kiwiko, hakutaka limpite hata neno. Bibi alianza kulia kimya kimya, mtoto akipanda na kushuka kifuani pake.

Mshonaji alifungua macho. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu, kama atazamavyo kazi ya mwenzake kabla ya kukubali kuipokea. Hakuwaambia amewasamehe, kwa sababu hakujua bado.

"Bibi," alisema, "unamlowanisha mtoto. Nileteeni hapa."